Daftari la Usomaji: Kuandika Unachokisoma na Kukisemea Mbele ya Wenzako

Swali: Mimi ni muuguzi, ninaishi Morogoro. Nasoma riwaya mbili au tatu kwa mwezi, nyingi nikiziazima maktaba. Tatizo langu ni kwamba baada ya miezi michache nakumbuka jina la kitabu na pengine jina la mhusika mmoja, basi. Niliwahi kuanzisha daftari la kuandika muhtasari wa kila sura, nikaliacha kabla ya kitabu cha pili kwisha. Aidha, tuna kikundi chetu cha kusoma kinachokutana kila mwisho wa mwezi. Nikiulizwa maoni yangu huishia kusema "kitabu ni kizuri, kina mafunzo", na kitabu nisichokipenda hukinyamazia kabisa, maana baadhi ya waandishi ni watu tunaofahamiana nao. Naomba unielekeze namna ya kuandika daftari litakalodumu, na namna ya kutoa maoni bila kumvunjia mtu heshima.

Jibu: Dada yangu, umeuliza mambo mawili, lakini kwa maoni yangu chanzo chake ni kimoja. Msomaji anayeishia kusema "kina mafunzo" si kwamba hana maoni. Alikuwa nayo alipokuwa akisoma, tena pengine yalikuwa makali, ila hakuyaandika yakiwa bado mabichi, na siku ya kikao ilipofika yalikuwa yamekwisha kufutika pamoja na majina ya wahusika. Kwa sababu hiyo nitatumia sehemu kubwa ya jibu langu kwenye daftari, kwa kuwa daftari likishakaa sawa, suala la maoni huwa limekwisha kutatuliwa kwa zaidi ya nusu.

Daftari lako la kwanza halikufa kwa uvivu wako. Lilikufa kwa sababu ulilibebesha kazi ndefu isiyokurudishia kitu. Ukitaka kujua nini kilitokea katika sura ya nne, kitabu chenyewe kipo maktaba, na kimeyaeleza hayo vizuri kuliko muhtasari wowote utakaouandika. Kisichopatikana maktaba wala mahali pengine popote ni kile kilichopita akilini mwako wewe ulipokuwa ukiisoma sura hiyo: ulipostuka, ulipochoka, ulipomkasirikia mhusika, ulipohisi kwamba mwandishi anakuficha jambo. Tabia hii ya muhtasari tumetoka nayo shuleni. Wengi wetu tulisoma fasihi kwa ajili ya mtihani, tukaorodhesha dhamira, wahusika na sifa zao, mandhari, matumizi ya lugha, ujumbe na falsafa ya mwandishi, na mara nyingi majibu tuliyakuta tayari katika vitabu vya uchambuzi, kiasi kwamba mwanafunzi mwerevu aliweza kufaulu bila kuifungua riwaya yenyewe. Siyadharau masuala hayo, kwani fani na maudhui ni zana halali za mhakiki nami nazitumia katika kazi yangu ya uhariri. Hata hivyo yalituzoesha kuandika kuhusu kitabu kama watu wasiohusika nacho, na neno "mafunzo" unalolitoa kikaoni ni masalia ya karatasi ya mtihani.

Kuhusu kusahau, usijilaumu. Mwaka 1885 mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe, yakionyesha kwamba sehemu kubwa ya alichojifunza ilipotea mapema sana, katika saa na siku za mwanzo, kisha kasi ya kusahau ikapungua. Lenye manufaa zaidi kwako ni jaribio la watafiti wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, lililochapishwa mwaka 2006. Wanafunzi walipewa kifungu cha kusoma. Baadhi wakakisoma tena, na wengine wakatakiwa kuandika walichokikumbuka bila kukitazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi, lakini walipopimwa baada ya wiki moja, waliokuwa wameandika kwa kukumbuka ndio waliobaki na mengi kichwani. Kutokana na hilo napendekeza kanuni moja ambayo nakusihi usiivunje hata siku unapokuwa na haraka: funga kitabu kwanza, ndipo uandike. Ukiandika huku kitabu kimefunuka, mkono hunakili na akili hupumzika. Ukikifunga, unalazimika kuvuta kutoka kichwani, na kule kuvuta ndiko kunakoshikiza jambo. Mambo mawili tu ndiyo yanayostahili kuandikwa kitabu kikiwa wazi, nayo ni nukuu na namba ya ukurasa.

Sasa tuje kwenye kinachoandikwa. Kwa kila mara unaposoma, iwe ni nusu saa kabla ya zamu au saa mbili siku ya mapumziko, mistari mitano hadi minane inatosha. Anza na tarehe na ulipofikia. Kisha jibu swali moja tu, nalo ni: nini kimetokea kati yangu na kitabu hiki leo? Usiandike kilichotokea ndani ya hadithi isipokuwa kwa kiasi kinachohitajika ili sentensi yako ieleweke utakapoirudia mwakani. Mwisho weka swali moja ambalo hujalipatia jibu. Swali hilo ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu ndilo litakalokufanya ukifungue kitabu kesho ukiwa unatafuta jambo.

Nitakuonyesha kwa mfano wa kitabu ambacho huenda umekisoma, Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Karama ameshtakiwa, waziri Majivuno ndiye anayemshtaki, na badala ya kujitetea kwa maneno machache Karama anaisimulia baraza habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali, wakateseka, wakarudi na habari za manufaa kwa nchi, na kila mmoja akaishia kifungoni. Msomaji aliyezoea daftari la muhtasari angejaza kurasa kumi akiorodhesha safari hizo. Msomaji anayefuata ninayoyasema angeweza kuandika hivi jioni ya kwanza: "Nimefika safari ya tatu. Nimeanza kuchoka. Kila mjumbe anaondoka, anapata taabu, anarudi, anafungwa. Nikiona jina jipya nakwisha kujua mwisho wake. Majina nayo yanatoboa siri mapema, kwani mtu anayeitwa Majivuno hatarajiwi kuwa na jema. Swali: kwa nini Karama hazungumzii kosa lake mwenyewe?" Hayo ni maandishi ya kweli. Yana uchovu ndani yake, yana lalamiko, na yana swali.

Siku anapomaliza, msomaji huyo huyo, akiwa amefunga kitabu, angeandika: "Sasa naona kwamba Karama hajitetei, bali anaishtaki baraza. Hana haja ya kuwaambia kuwa wao ni wakatili. Anawasomea uamuzi wao wenyewe mara sita. Uchovu nilioupata katika safari ya tatu nadhani ndio uchovu ambao waliomo barazani walipaswa kuuona kama aibu. Bado naona kwamba majina yenye maana yanamnyima msomaji nafasi ya kumgundua mtu, na sijui kama mwandishi angeweza kuyaacha bila kuharibu mfumo wa kitabu chote." Tazama safari aliyoipitia mtu huyo. Lalamiko la siku ya kwanza halikuwa upuuzi wa kufutwa; ndilo lililomfikisha kwenye maoni yake, na kama asingeliandika angefika kikaoni na "kitabu kina mafunzo kuhusu haki na utawala bora", maneno ambayo yangeweza kusemwa na mtu aliyesoma jalada tu. Akisoma zaidi atakuta kwamba wahakiki wengi wamekichukulia kitabu hicho kuwa ni ukosoaji uliofumbwa wa utawala wa kikoloni, na hilo ataliongeza chini yake kwa tarehe yake, akitaja kwamba si wazo lake.

Hapo pana jambo linalonigusa sana kama mhariri. Katika daftari lako, maneno ya mwandishi, maneno ya mhakiki na maneno yako yatenganishwe kwa namna ambayo hata baada ya miaka kumi huwezi kuyachanganya. Maneno ya kitabu yawe ndani ya alama za kunukuu pamoja na namba ya ukurasa, kila mara, bila kubahatisha. Maneno uliyoyasikia kwa mtu mwingine yatanguliwe na chanzo chake. Yaliyobaki yote ni yako. Nimepokea miswada ambayo ndani yake sentensi za watu wengine zilikuwa zimelala kimya, na mara nyingi sikuona nia ya wizi: mtu alinakili sentensi nzuri katika daftari lake bila alama, miaka ikapita, akaikuta, akaidhani ni yake. Pia andika jina la mchapishaji na mwaka wa chapa uliyosoma, kwa sababu kitabu kimoja kikipigwa chapa upya kurasa husogea, na nukuu ya ukurasa wa 57 isiyotaja chapa haitamsaidia mwenzako mwenye nakala nyingine. Kama ni tafsiri, taja mfasiri pamoja na mwandishi. Maneno uliyoyapenda ni yeye aliyeyachagua.

Vitabu vyako vingi ni vya kuazima, na hilo usilione kuwa pungufu. Usiandike katika pambizo za kitabu cha maktaba, hata kwa penseli. Charles Darwin, ambaye aliweka orodha za vitabu alivyosoma na alivyokusudia kusoma kuanzia mwaka 1838 hadi 1860, ameeleza katika tawasifu yake kwamba kwa kitabu alichokimiliki alitengeneza mwishoni mwake faharasa ndogo ya mambo yaliyohusu kazi yake, na kwa kitabu kisicho chake aliandika dondoo pembeni, kisha kabla ya kuanza mada mpya alizipitia faharasa hizo zote. Unaweza kuiga hilo kwa kipande cha karatasi. Kata karatasi yenye upana wa kitabu, itumie kuwekea alama ulipofikia, na kila unapokutana na jambo andika juu yake namba ya ukurasa na neno moja au mawili, kwa mfano "41 mama anakataa mahari" au "88 uongo wa pili". Siku ya kurudisha kitabu, kaa na karatasi hiyo, chagua mambo yanayostahili kuhamishiwa daftarini, mengine yaache. Kule kuchagua ni nusu ya kazi ya uhakiki. Mara nyingi utaona kwamba nusu ya alama ulizoweka hazikuvutii tena, na hilo nalo linakuambia kitu kuhusu kitabu.

Kuhusu daftari lenyewe, nunua kaunta buku la kawaida lenye jalada gumu. Yapo madaftari ya bei yaliyopigwa mistari na visanduku vya kujaza jina la mwandishi, aina ya kitabu na nyota tano za kupaka rangi. Sikushauri, kwani visanduku hukufanya ujaze fomu, na fomu umejaza za kutosha kazini. Simu inafaa kwa kuandika ukiwa ndani ya basi, mradi uhamishe maandishi hayo kabla simu haijapotea au kuharibika. Nyota na alama kwa tano hazina madhara, lakini hazina msaada pia: ukikuta "nne kwa tano" baada ya miaka miwili hutajua ile moja iliyokosekana ilikatwa kwa nini.

Acha kurasa mbili za mwanzo wazi kwa ajili ya faharasa, na zipe kurasa zote namba. Mwanafalsafa wa Kiingereza John Locke alichapisha mwaka 1686, kwa Kifaransa, njia yake ya kupanga daftari la dondoo, ambayo hadi leo sijaona iliyo rahisi kuishinda. Alichora jedwali lenye herufi za mwanzo za maneno, kila herufi akaigawa kwa irabu tano, jumla akapata visanduku 100 katika kurasa mbili. Neno la mada liliingia katika kisanduku cha herufi yake ya kwanza na irabu ya kwanza inayofuata, na ndani ya kisanduku ziliandikwa namba za kurasa tu. Njia hiyo inaikubali lugha yetu bila matatizo, kwa kuwa maneno yetu yana irabu kila hatua: haki utaiweka H na a, wivu utauweka W na i, kejeli utaiweka K na e. Locke aliziacha K, W na Y katika jedwali lake kwa kuwa hakuzihitaji. Wewe huwezi kuziacha, na herufi M na U uzipe nafasi pana, maana mauti, malezi, mapenzi, uongo, ulevi, utumwa na ukimya vyote vitakimbilia huko. Usitafute mada kabla ya kusoma. Ziache zijitokeze zenyewe, na baada ya muda utaona kwamba kisanduku kimoja kimejaa namba kuliko vingine, nawe utakuwa umejifunza kuhusu usomaji wako jambo ambalo hakuna mtu angeweza kukuambia. Huenda ukasikia habari za mwanasosholojia wa Ujerumani Niklas Luhmann na hazina yake ya vikaratasi takriban 90,000 vilivyounganishwa kwa namba. Aliijenga kwa ajili ya kuandika vitabu vya kitaaluma kwa miongo kadhaa. Kwa msomaji wa riwaya mbili kwa mwezi, kaunta buku na jedwali la Locke vinatosha kabisa.

Kitabu usichokimaliza nacho kiandike. Taja ulipoachia na sababu, hata ikiwa sababu ni kwamba kilikukuta katika wiki ya zamu za usiku. Tafadhali, kikaoni usikitolee hukumu ya jumla. Una haki ya kusema "niliachia ukurasa wa 60, na hadi hapo hakuna kilichonivuta", na hayo ni maoni kamili yenye mpaka wake. Huna haki ya kusema "kitabu hakina maana".

Sasa tuzungumzie kikao. Siku moja au mbili kabla, soma upya kurasa zako za kitabu hicho, kisha jaribu kuandika sentensi moja tu inayobeba maoni yako, ambayo mtu mwenye akili timamu anaweza kuipinga. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia. "Kitabu kina mafunzo" hakuna atakayeipinga, kwa hiyo haisemi kitu. "Mwandishi amemwua dada mkubwa ili kujiepusha na tatizo aliloshindwa kulitatua" ni maoni, kwa sababu mwenzako anaweza kukujibu kwamba kifo hicho kiliandaliwa tangu sura ya pili, na hapo mazungumzo yameanza. Ukishapata sentensi hiyo, tafuta katika daftari kurasa mbili zinazoiunga mkono na ukurasa mmoja unaoipinga. Huo wa kuipinga usiuruke. Darwin anasimulia kwamba kila alipokutana na jambo lililokwenda kinyume na hitimisho lake aliliandika papo hapo, kwa kuwa aligundua kwamba mambo ya namna hiyo hutoroka kumbukumbu upesi kuliko yale yanayotuunga mkono. Kwa msomaji wa riwaya ni vivyo hivyo: tukishamchukia mhusika tunasahau kurasa alizotenda wema.

Ukifika kikaoni, soma kifungu chenyewe kwa sauti kabla ya kutoa maoni, mistari mitatu au minne tu. Wenzako watakuwa wamesikia maneno ya mwandishi kwanza, na chochote utakachosema baadaye watakipima kwa walichokisikia. Njia hii ndiyo inayolinda heshima kuliko maneno yote ya kubembeleza. Kauli kama "mwandishi huyu hajui kuandika mazungumzo" inamlenga mtu na haina pa kushikika. Lakini ukisoma mazungumzo ya bibi kizee na mjukuu wake wa miaka sita, kisha ukasema "nimeshindwa kuwatofautisha hawa wawili kwa sauti zao, nyinyi mmeweza?", umezungumzia ukurasa, umewapa wenzako nafasi, na hata mwandishi akiwa amekaa kiti cha jirani hana sababu ya kuona ametukanwa.

Tenganisha pia "sikukipenda" na "kina kasoro". La kwanza linahusu wewe: pengine hupendi hadithi za mashaka, pengine kitabu kimegusa msiba wako. La pili linahusu kitabu, nalo lahitaji ushahidi. Yote mawili yanaruhusiwa kusemwa, mradi usilivishe la kwanza nguo za la pili. Kuna na aina ya tatu, ambayo wasomaji humtwika mwandishi bila haki. Ukikuta Zaituni wa sura ya tano amekuwa Zainabu katika sura ya tisa, au aya imerudiwa, au kurasa kumi na sita zimeruka, hayo ni makosa yaliyopaswa kuzuiwa na mhariri, msahihishaji prufu au kiwanda cha uchapaji. Yaseme, tena ukitaka mwandikie mchapishaji, kwa kuwa chapa inayofuata inaweza kusahihishwa, lakini usiyatumie kupima kipaji cha mtunzi. Maneno ya sifa yaliyo nyuma ya jalada nayo mara nyingi si yake. Kama yamekuahidi hadithi ya mapenzi ukakuta hadithi ya shamba na mirathi, lalamiko hilo lina mwenyewe.

Najua woga wako kuhusu waandishi mnaofahamiana nao ni wa kweli, na dunia ya vitabu vya Kiswahili ni ndogo kiasi kwamba aliyekosolewa na aliyekosoa watakutana harusini. Hata hivyo naomba ufikirie upande wa mwandishi mwenyewe. Anayeambiwa "hongera, kitabu kizuri" na kila mtu hawezi kujua kama kuna hata mmoja aliyemsoma. Nimeketi na waandishi wengi, na swali wanaloniuliza kwa sauti ya chini ni msomaji alichoka wapi. Ukimwambia "nilivutwa sana hadi safari ya Tanga, kisha kuanzia pale barua zinapoanza nilipoteza kamba", umempa kitu anachoweza kukifanyia kazi katika kitabu kijacho, na umemthibitishia kwamba ulikaa na kazi yake.

Wala kupingana hadharani kuhusu maandishi si jambo geni kwetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, ni mmoja wa malenga waliojibizana kwa mashairi na washairi wenzao, na jadi ya kujibizana iliendelea katika kurasa za magazeti ya karne iliyofuata. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani, ulizuka mgogoro mkubwa baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko uliodumu kwa miaka. Upande mmoja ulikuwa na kanuni alizokwisha kuzieleza Kaluta Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu sheria za kutunga mashairi, na upande wa pili ulilazimika kueleza ni nini kinachobaki kuwa ushairi pale vina vinapoondolewa. Hakuna aliyeweza kujibu kwa kusema tu kwamba amependa au hakupenda. Wanafunzi wanaosoma ushairi leo wanafaidi hoja za pande zote mbili.

Ukiwa kikaoni jihadhari na kufichua mwisho kwa wale ambao hawajamaliza. Uliza kwanza, na kama yupo mmoja, zungumzia nusu ya mwanzo, ambayo kwa kawaida ndiyo yenye mengi ya kusema. Mwenzako akitoa maoni kinyume na yako na ukaona ana hoja, yaandike daftarini usiku huo huo kwa jina lake. Maoni yako ya zamani usiyafute wala usiyakate kwa kalamu. Weka tarehe mpya na uandike chini yake, ili siku utakapokirudia kitabu ukutane na msomaji uliyekuwa wakati ule, na sababu zake.

Daftari lenyewe usimpe mtu, hata kikundi kikikuomba. Siku utakapojua kwamba litasomwa na wengine utaanza kuandika kwa adabu, na adabu ikiingia katika kurasa za mwanzo, ile "nimeanza kuchoka" haitaandikwa tena. Wakitaka ulichoandika, wanakilie sehemu iliyokwisha kupikwa.

Kwa kuwa unafanya kazi kwa zamu, jipe uhuru huu: wiki ya zamu za usiku tumia kile kipande cha karatasi peke yake, na daftari lisubiri siku ya mapumziko. Ukiona mwezi umepita bila kuandika, usirudi nyuma kujazia vitabu vilivyokwisha kukutoka kichwani. Andika majina yao katika mstari mmoja, na uendelee na kitabu ulichonacho mkononi sasa.